Machi ya Leicester si masika: mbona mahindi yangu hayaoti?

Swali: "Shikamoo bwana shamba. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, sasa naishi Leicester, Uingereza. Baada ya kungoja karibu miaka mitatu, Novemba iliyopita nilipewa nusu ploti ya alotimenti, zile bustani za kukodi za manispaa. Udongo ni mfinyanzi, na nusu ya eneo ni nyasi. Mwanzoni mwa Machi jua liliwaka siku nne mfululizo, nikapanda mahindi, maharage na mchicha, mbegu alizoniletea mdogo wangu kutoka nyumbani. Vitunguu bado viko kwenye pakiti. Leo siku ya kumi na nane hakijachomoza kitu. Jirani yangu wa ploti, mzee wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu na Kiswahili anakijua, kila akinipita anasema 'bado, mama, bado'. Je, mbegu ni mbovu? Nipande nini sasa? Na matunda je? Kwenye kona kuna fimbo ndefu zenye miiba midogo, niling'oe lile kichaka?"

Marahaba, mama. Mbegu zako pengine zilikuwa nzima kabisa. Nyingi zimeuawa na baridi ya udongo, na lile jua la siku nne ndilo lililokulaghai.

Usichukue neno langu tu. Nenda ploti, fukua punje moja ya maharage, ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, ibonyeze. Ikipasuka ikatoa uji wenye harufu ya kuoza, umepata jibu. Mbegu ilikunywa maji ikavimba kama kawaida, kisha ikashindwa kuamka kwa sababu kuna baridi. Huku imelala na maji tumboni, ukungu wa udongoni ukaila. Mahindi hayaanzi kuota udongo ukiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Maharage yanataka 12 au zaidi, na mchicha unataka joto kuliko wote wawili. Udongo wa Leicester wakati huu wa Machi unachezea 5 hadi 7.

Naelewa ulivyoingia mtegoni, maana hata mimi mtego huo ulininasa. Muheza, Machi ni masika. Mtu aliyekulia huko akisikia Machi, mkono wenyewe unatafuta jembe. Lakini kwetu joto lipo mwaka mzima na kinachosubiriwa ni maji, ndiyo maana mkulima anatazama mawingu. Uingereza maji yamejaa tele na kinachosubiriwa ni joto. Kwa hiyo acha kabisa kutazama juu, tazama chini. Jua la mchana linapasha hewa kwa saa mbili tatu, watu wanavua makoti, lakini mfinyanzi uliolowa ni kama sufuria kubwa la maji: unachukua wiki nyingi kupata moto.

Nunua kipimajoto cha udongo, si ghali. Kichomeke sentimita 5 hadi 10 ardhini saa tatu asubuhi, kabla jua halijafanya uongo wake, na usome siku nne au tano mfululizo. Namba ikikaa palepale, hiyo ndiyo hali yako. (Waingereza husimulia kwamba wakulima wao wa zamani walikuwa wanavua suruali na kukaa udongoni kupima joto, wakivumilia, wanapanda. Wewe tumia kipimajoto.)

Kuna na adui wa pili, jalidi, yaani baridi kali ya usiku inayogandisha umande na maji ndani ya majani. Waliokulia Makete au Kinangop wanaijua, lakini mtu wa Muheza hana habari nayo. Mwaka wangu wa kwanza Uingereza niliotesha mahindi dirishani, yakafika shibiri moja, nikayatoa nje mwishoni mwa Aprili nikijisifu. Yalisimama wiki mbili vizuri. Usiku mmoja wa Mei mbingu ikawa safi, nyota zinameremeta, upepo umetulia. Asubuhi majani yalikuwa na rangi ya mboga iliyochemshwa ikaachwa jikoni, na yakiguswa yanalegea kama kitambaa chenye maji. Miche thelathini na kitu. Kwa upande wenu wa katikati ya Uingereza, jalidi inaweza kurudi hadi katikati ya Mei, miaka mingine hata baada ya hapo. Kila mmea wa joto, yaani mahindi, maharage ya kawaida, maboga, nyanya na mchicha, unalala nje baada ya hapo tu. Mzee wako wa Kisumu anapokwambia "bado", hana wivu na shamba lako.

Sasa tuje kwenye kazi ya mwezi huu, ambayo ni nyingi.

Kabla ya kuchimba, chukua udongo mkononi, ufinyange kama tonge la ugali, liachie kutoka usawa wa kiuno. Likisambaratika, chimba. Likitua likabaki tonge, rudi nyumbani ukanywe chai. Mfinyanzi ukikanyagwa ukiwa umelowa unashindiliwa, na ukikauka unakuwa tofali. Utalipia kosa hilo msimu mzima. Ukilazimika kupita, tandika ubao usimame juu yake.

Nusu ploti ni kama mita za mraba 125. Usijaribu kuilima yote mwaka huu. Safisha robo yake vizuri kabisa, na sehemu iliyobaki funika kwa maboksi ya karatasi ngumu yaliyotolewa gundi za plastiki, au turubai jeusi lililobanwa kwa mawe. Nyasi zitakufa gizani bila wewe kutoa jasho. Ila soma kwanza mkataba wako, kwa sababu manispaa hukagua na ploti inayoonekana kutelekezwa huandikiwa barua; mwambie msimamizi kwamba umefunika kwa makusudi.

Jambo moja usithubutu: kukodi mashine ya kulimia ikakatekate nyasi. Ukichimba ukaona mizizi myeupe yenye ncha kali inayotambaa, hiyo tabia yake ni ya sangari kwenye mashamba ya kahawa: kila kipande kinakuwa mmea. Nyingine ina mizizi minene kama tambi zilizoiva, inakatika ukiivuta, na kiangazi huja na maua meupe ya tarumbeta. Hiyo ni mbaya zaidi. Tumia jembe uma, nyanyua polepole, okota kila kipande. Ndoo moja kwa mita moja ya mraba si ajabu.

Ukipewa samadi ya farasi, chukua, lakini ijaribu kwanza. Kuna dawa za magugu zinazopuliziwa malisho ambazo hupita tumboni mwa mnyama zikiwa hai na kubaki kwenye samadi. Changanya kidogo na udongo wa kuotesha kwenye vyungu viwili, panda maharage ndani, weka jikoni. Majani yakijikunja kama ngumi, hiyo samadi usiipeleke bustanini.

Mmea wa kwanza ninaokushauri ni viazi mviringo, vile vya mapema. Nunua viazi vya mbegu vyenye cheti, si vya sokoni vya kula, kwa ajili ya magonjwa. Pakiti inayosema first earlies ndiyo unayotaka. Rocket, Swift na Arran Pilot ni aina za kutegemewa. Vipange leo hii kwenye trei ya mayai, upande wenye macho mengi juu, uweke mahali pa baridi penye mwanga, kama kwenye dirisha la chumba kisichopashwa moto. Usiviweke kabatini. Kwenye giza vitatoa vichipukizi virefu vyeupe vinavyokatika ukivitazama tu. Kwenye mwanga vinatoka vifupi, vinene, vya kijani au zambarau. Vikifika sentimita mbili na udongo umefika nyuzi 7 au zaidi, panda: kina cha sentimita 12 hadi 15, sentimita 30 kati ya kiazi na kiazi, 60 kati ya mstari na mstari. Kwako nadhani itakuwa katikati ya Aprili. Majani yakichomoza shibiri moja, yavutie udongo kwa jembe yawe tuta, na usiku wa kutisha jalidi yafunike kwa udongo au magazeti.

Kwa nini vya mapema na si vile vikubwa vya kuhifadhi? Kwa sababu ya ukungu ule unaobabua majani ya viazi na nyanya, ambao mkulima yeyote wa Lushoto au Njombe ameupigia dawa. Ndio huohuo uliofyeka viazi vya Ireland mwaka 1845. Uingereza hushamiri hasa Julai na Agosti, kukiwa na joto na unyevu. Viazi vya mapema unavichimba baada ya wiki 10 hadi 12, kwa hiyo mwisho wa Juni au mapema Julai uko navyo mezani, ugonjwa ukija unakuta mashimo.

Halafu vitunguu maji. Hapa naomba ile pakiti ya nyumbani uiache. Kwanza, mbegu za kupanda zinazotoka nje zinatakiwa kuingia Uingereza na cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo mdogo wako asirudie. Pili, hata zikiota hazitakufaa, na sababu yake ndiyo inayonifurahisha kuliko zote katika kilimo cha huko. Kitunguu hakiamui kuvimba kwa sababu kimekula mbolea. Kinahesabu urefu wa mchana. Aina zetu, Red Creole na Bombay Red, zimezoea mchana wa saa 12 hivi, ambao Muheza ndio uliopo mwaka mzima. Leicester mchana wa Desemba haufiki saa 8, wa sasa ni kama 12, na wa Juni unakaribia 17. Mche wako wa Bombay Red utachomoza Aprili, utakuta mchana tayari umepita saa 13, utaambiwa "vimba!" ukiwa na majani mawili matatu tu. Utavuna vitunguu vya ukubwa wa gololi. Aina za Ulaya zinasubiri mchana mrefu zaidi, na kufikia hapo zimeshajenga majani ya kutosha.

Basi nunua vitunguu vidogo vya kupandwa, madukani vinaitwa onion sets, aina kama Sturon au Red Baron. Vichomeke sentimita 10 kati ya kitunguu na kitunguu, mistari ikiachana 30, ncha ikichungulia tu. Wakataze ndege: ile ncha wanaidhania ni mnyoo, wanaing'oa, kisha wanaitupa. Unarudisha, kesho wanang'oa tena. Wavu wa wiki tatu, mpaka mizizi ishike, unamaliza ugomvi.

Cha tatu ni maharage ya baridi. Ndiyo, yapo, yale mapana makubwa ambayo Waarabu huyaita ful na hapo pakiti zimeandikwa broad beans. Yanaota udongo ukiwa na nyuzi 5, na jalidi ndogo hayashtuki nayo. Yapande leo kama tonge lako limevunjika: kina sentimita 5, nafasi 20. Mei ncha zake zitajaa vidukari weusi. Usikimbilie dawa, maua ya chini yakishaanza kufunga maganda, kata ncha zote kwa vidole. Vidukari wanakosa makao, na zile ncha ambazo hazijaliwa ni mboga ya majani nzuri sana ukiiunga kwa nazi. Majirani zako wengi wanazitupa kwenye mboji, nami sijawahi kuelewa kwa nini.

Lakini onyo, na hili si la kawaida kuandikwa kwenye pakiti. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kwenye damu wanaweza kupata madhara makubwa, damu kuvunjika ghafla, wakila maharage haya. Hali hiyo ya kurithi iko zaidi kwa watu wa asili ya maeneo yenye malaria, pwani yetu ikiwemo. Kama kuna mtu kwenu ameambiwa anayo, au mtoto aliwahi kupata manjano isiyoeleweka, muulizeni daktari kabla ya kupika.

Njegere nazo zinaingia mwishoni mwa mwezi huu au Aprili, aina ya Kelvedon Wonder haisumbui. Panya tu ndio wanaozifukua. Karoti subiri Aprili. Figili unaweza kurusha wakati wowote kuanzia sasa, zitakupa moyo kwa sababu zinachomoza haraka.

Sukuma wiki usiwe na wasiwasi nayo. Ndugu yake wanayemwita kale anavumilia theluji, na jalidi humfanya awe mtamu zaidi kwa kuwa mmea hujaza sukari ili usigande. Otesha kwenye trei Aprili, hamisha Juni, na ufunike kwa wavu kuzuia njiwa pori na vipepeo weupe. Ukitunza miche kumi tu utachuma mpaka majira ya kuchipua ya mwakani.

Na mahindi, maana najua moyo wako uko huko. Nunua aina za huko za mahindi matamu, kwa sababu ya kwetu ya kusaga yatakuwa bado hayajakomaa baridi ikirudi. Otesha ndani kwenye vyungu, au zile roli tupu za karatasi ya chooni, katikati hadi mwisho wa Aprili. Toa nje mwisho wa Mei au mwanzo wa Juni, baada ya kuizoesha miche hewa ya nje mchana kwa siku saba hadi kumi. Panda kwa mraba, tuseme mistari minne ya mimea minne, sentimita 40 kila upande. Mstari mmoja mrefu utakupa magunzi yenye mapengo, kwani upepo ndio unaobeba chavua na utaipeleka kwa jirani. Usitegemee ladha ya mahindi ya kuchoma ya barabarani. Haya ni matamu kama yametiwa sukari, na meno hayapati kazi. Watoto watayapenda, wewe utazoea.

Nyanya na pilipili anza dirishani wiki hii, ukizungusha chungu kila siku zisiinamie kioo. Mchicha mwingine urushe mwanzoni mwa Juni. Utashangaa unavyokua kwenye mchana wa saa 16: wiki tano au sita unachuma. Huko Wajamaika wanauita callaloo, na mbegu zake zinauzwa, kwa hiyo huna haja ya kusubiri mgeni kutoka nyumbani.

Matunda. Machi ni mlango unaofungwa. Miti na vichaka vinavyouzwa bila chungu, mizizi mitupu, hupandwa vikiwa usingizini, kuanzia Novemba hadi Machi. Vikishafungua macho umechelewa, utanunua vya kwenye chungu kwa bei kubwa zaidi. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua zabibu nyeusi ndogo za vichaka, blackcurrant, ambazo hustahimili mfinyanzi wako. Zipande sentimita 5 chini zaidi ya alama ya udongo iliyo kwenye shina, kisha ukate fimbo zote zibaki macho mawili. Inauma kukata kitu ulichonunua jana, lakini ndivyo kichaka kinavyotoa fimbo mpya kutoka chini. Stroberi ni rahisi, ila kitovu cha mmea kiwe sawa na uso wa udongo, kikizama kinaoza. Kuhusu mtufaha, uliza kwanza kama mkataba unaruhusu miti, na ukiruhusiwa taja shina la chini unalotaka, yaani lile lenye mizizi ambalo mti hupandikizwa juu yake: M9 au M26, yaliyotoka kituo cha utafiti cha East Malling, Kent, yanaufanya mti ubaki mfupi. Ukinunua bila kuuliza unaweza kujikuta na mti wa kumfunika jirani jua.

Lile kichaka la fimbo zenye miiba midogo, tafadhali usiling'oe. Kwa maelezo yako naona ni rasiberi. Tatizo ni kwamba ziko za aina mbili. Za vuli huzaa kwenye fimbo za mwaka huohuo, na Februari au mapema Machi hukatwa zote hadi chini. Za kiangazi huzaa kwenye fimbo za mwaka uliopita, kwa hiyo ukizikata sasa umekata matunda ya mwaka huu. Kwa kuwa aliyezipanda hayupo wa kumuuliza, kata nusu ya kichaka, nusu iache, funga kamba nyekundu mpakani. Fimbo za zamani zikizaa Juni na Julai, na zile ulizozikata zikichipua bila kuzaa mwaka huu, ni za kiangazi. Zile ulizozikata zikichipua upya na kuzaa Agosti na Septemba, ni za vuli, na mwakani utazikata zote bila kusitasita.

Konokono utawaona, hasa wale wasio na nyumba. Toka usiku na tochi. Kama kwenye kibanda chako kuna kopo la zamani la vidonge vya buluu vya kuwaulia, soma lebo: vyenye metaldehyde vilipigwa marufuku kutumiwa nje katika Britania yote mwaka 2022, kwa madhara yake kwa ndege na wanyama. Vya ferric phosphate vinaruhusiwa. Hilo kopo usilimwage, lipeleke kwenye kituo cha taka za sumu cha manispaa.

Mwisho, ule mstari wa mchicha ulioupanda. Maharage na mahindi yahesabu yamekwenda, lakini mbegu ya mchicha ni ndogo, ngumu, na ina subira; inaweza kukaa kwenye udongo wa baridi bila kuoza. Weka vijiti viwili, kimoja kila ncha ya mstari, ili Juni ukiwa unapalilia usije ukaung'oa wenyewe ukidhani ni magugu.